Usiku Mbili Dartmoor: Tathmini ya Kambi Isiyo na Lango wala Mapokezi

Kupiga kambi katika nyika ya Dartmoor hakulipiwi chochote, hakuombewi kibali, na hakuna mtu anayekupokea ukifika wala kukuaga ukiondoka. Huo ndio mvuto wake na ndiyo taabu yake pia, kwa sababu kila kazi ambayo katika kambi ya kulipia hufanywa na mwenye kambi, kuanzia kuchagua mahali pa kusimika hema hadi kuondoa taka na kinyesi, hapa inakuwa ya mgeni mwenyewe. Nilikwenda huko mwanzoni mwa Juni pamoja na mwenzangu mmoja, tukalala usiku mbili, na ninachokitathmini ni ule utaratibu uliowekwa ili watu waweze kulala katika ardhi inayohifadhiwa bila kuiharibu: kama unaeleweka, kama unatekelezeka mtu anapokuwa na shanta mgongoni huku mvua inanyesha na giza linaingia, na kama una sababu za kutosha kumfanya mtu autii mahali ambapo hakuna anayemwona.

Dartmoor imo katika kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 954, lakini si kila pembe yake ni nyika, kwani ndani yake pana vijiji, mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe, misitu ya kupandwa na mabwawa ya maji. Nyika yenyewe ni zile sehemu za juu zilizo wazi, zenye nyasi ngumu, vichaka vifupi vya hetha na kangaga, na juu ya vilima vyake huchomoza magenge ya graniti ambayo wenyeji huyaita tor. Kilele kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621 tu, kimo ambacho mtu aliyezoea milima atakicheka, na kicheko hicho humwisha pale ukungu unaposhuka ghafla na kila tor ikafanana na mwenzake.

Jambo ambalo mgeni hulisahau upesi ni kwamba nyika hii, pamoja na kuitwa hifadhi ya taifa, ina wenyewe. Sehemu kubwa ni ya watu binafsi na ya Duchy of Cornwall, yaani milki ya ardhi ya mrithi wa kiti cha ufalme, na juu ya ardhi hiyo wafugaji wana haki za kale za malisho ya pamoja, kiasi kwamba kondoo, ng'ombe na hata wale farasi wadogo wanaoonekana kama wanyamapori wana wamiliki wanaowajua. Kwa hiyo mtu anayelala pale analala katika malisho ya mtu mwingine, na haki yake ya kufanya hivyo haikutoka hewani. Kwingineko katika England na Wales, anayetaka kupiga kambi nje ya kambi rasmi hutakiwa kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Dartmoor ni tofauti kwa sababu ya sheria ya mwaka 1985 iliyowapa wananchi haki ya kuingia katika malisho ya pamoja, kwa miguu au kwa farasi, kwa ajili ya burudani ya nje. Kwa miaka mingi watu waliielewa burudani hiyo kuwa ni pamoja na kulala usiku. Kisha, Januari 2023, baada ya wamiliki wa eneo moja la kusini mwa nyika kufungua kesi, Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki hiyo haimo; Julai ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikalitengua agizo hilo, na tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwa kauli moja kwamba kupiga kambi ni sehemu ya burudani ya nje inayotajwa na sheria.

Nimeieleza kesi hiyo kwa sababu inabadilisha jinsi mtu anavyozisoma kanuni. Hoja ya kila siku dhidi ya kambi za nyikani ilikuwa uharibifu: moto, taka, mifugo kusumbuliwa. Kila anayeacha alama ya moto kwenye majani anampa hoja mtu mwingine atakayetaka haki hiyo iondolewe. Nilipokuwa nikifungasha vitu nyumbani niliziona kanuni kama orodha ya makatazo. Niliporudi nilikuwa nikiziona kama malipo ya kulala bure, na kusema kweli ni malipo madogo.

Kanuni zenyewe ni chache. Hema lisimikwe katika sehemu za malisho ya pamoja zilizoruhusiwa tu, angalau mita 100 kutoka barabara ya umma, mahali pasipoonekana kutoka barabarani wala kutoka katika nyumba za watu. Mtu asilale mahali pamoja zaidi ya usiku mbili mfululizo. Hema liwe dogo na kila kitu kiwe kimebebwa mgongoni, maana haki hii haihusu kulala ndani ya gari wala kushusha mahema ya familia kando ya maegesho. Moto wa wazi hauruhusiwi kabisa. Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Dartmoor imeweka ramani kwenye mtandao inayoonyesha maeneo yanayoruhusiwa, na ramani hiyo ndiyo kitu ninachokipa alama za juu kuliko vyote katika huduma hii. Unaikuza hadi unaona ukuta wa shamba mmojammoja, na inakuondolea ule ubishi wa kujiambia kwamba penye nyasi na upepo ni nyika tu. Si malisho yote ya pamoja yaliyoruhusiwa, na bila ramani nisingeweza kubahatisha mipaka hiyo. Hata hivyo, ramani ya mtandaoni ni ya kupangia safari nyumbani. Mtandao wa simu hukatikakatika nyikani, betri huisha kwa baridi, na skrini iliyolowa haikubali kidole. Tulinakili mipaka kwa penseli juu ya ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ile ya namba OL28 yenye kipimo cha 1:25,000, na karatasi hiyo pamoja na dira ndizo tulizozitumia kweli.

Kuna tabaka jingine la ruhusa ambalo mgeni asiyejua anaweza kulipuuza kwa hatari ya maisha yake. Sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini ni viwanja vya mazoezi ya jeshi, ambavyo ni Okehampton, Merrivale na Willsworthy, na humo risasi za moto hutumika. Ratiba ya ufyatuaji hutangazwa mapema, mipaka ya viwanja imewekewa nguzo zenye rangi nyekundu na nyeupe, na siku ya mazoezi bendera nyekundu hupandishwa mchana na taa nyekundu huwashwa usiku. Ni utaratibu wa wazi kabisa, na nikiri kwamba ulinishangaza kwa jinsi unavyofanya kazi bila ulinzi wa kuonekana: siku ambazo hakuna mazoezi mtu hupita akiwa huru, na siku ya bendera hapiti. Kinachobaki kwa mgeni ni kusoma ratiba ya siku zote anazokusudia kuwa ndani, si siku ya kuingia peke yake, na kutogusa kipande chochote cha chuma anachokikuta ardhini hata kikionekana kama kopo la zamani.

Tulifika kwa treni hadi Okehampton, reli ambayo ilirejeshewa safari za kawaida za abiria Novemba 2021, na kwa anayetaka kupunguza mzigo wa magari katika hifadhi sioni njia bora zaidi, kwani kituo kiko upande wa mji unaoelekea nyikani na mtu huanza kupanda karibu mara tu anaposhuka. Kutoka hapo tulipitia kijiji cha Belstone na kuingia bonde la mto Taw. Mahali hasa tulipolala sitapataja. Si kwa uchoyo. Mahali pazuri pakishatajwa mara kumi, nyasi zake hazipati nafasi ya kuinuka, na baada ya msimu mmoja panabaki kiraka cha udongo mtupu chenye ukubwa wa hema.

Kuchagua mahali ndiko kulikotuchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo kanuni fupi zinapoonyesha uzito wake. Unatafuta pakavu, lakini pakavu katika nyika hii mara nyingi ni pale ambapo watu wa kale nao walipaona pakavu. Mahali pa kwanza tulipopapenda palikuwa na duara la mawe lililozama nusu katika nyasi, kipenyo chake kama mita saba, na mwenzangu alikwisha kutua shanta akisema kwamba tumepata ukuta wa kuzuia upepo. Maduara ya namna hiyo ni misingi ya nyumba za Enzi ya Shaba, na Dartmoor ina mengi mno, maarufu zaidi yakiwa yale ya Grimspound, ambako misingi ya nyumba 24 imezungukwa na ukuta mmoja mkubwa. Kigingi cha hema kinachopenya katikati ya duara kinaweza kuvuruga tabaka la udongo ambalo halijaguswa kwa zaidi ya miaka 3,000, na jiwe linaloondolewa ili likandamize kamba ya hema haliwezi kurudishwa mahali pake kwa uhakika. Tukabeba shanta tena.

Mahali pa pili palikuwa tambarare na nyasi fupi. Nilipokuwa nikilitandaza hema, ndege mdogo wa kahawia alikuja akasimama juu ya jiwe, hatua ishirini hivi, mdomoni ana wadudu, akawa anapiga kelele moja kali bila kukoma wala kukaribia. Ndege mwenye chakula mdomoni asiyeshuka ana makinda chini, na mtu ndiye anayemzuia. Ndege wengi wa nyika hii, kipozamataza akiwamo, hutaga ardhini kati ya mashina ya nyasi, kiota chao hakionekani hata ukikisimamia, na hema likikaa saa kumi na mbili juu au kando ya kiota makinda hayatalishwa. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayosema uhame ukimwona ndege mwenye wadudu mdomoni. Hapa ndipo niliposhukuru kwamba niliisoma sababu ya kanuni na si kanuni peke yake. Tulihama mara ya pili, na tuliposimika hema hatimaye ilikuwa karibu saa tatu na nusu usiku, ingawa kwa mwezi wa Juni kule bado palikuwa na mwanga wa kutosha.

Kuhusu moto nitasema kwa urefu, kwa kuwa ndipo watu wengi hubishana. Udongo wa nyika hii si udongo wa kawaida. Ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana katika maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza, hasa mabaki ya sfagnumu, mmea mdogo laini unaoweza kushika maji mara ishirini ya uzito wake ukiwa mkavu. Mboji huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo anayechimba shimo la kina cha mita moja anachimba kazi ya miaka elfu moja hivi. Ikikauka huwa ni nishati, na watu wa Dartmoor waliikata na kuichoma majumbani kwa karne nyingi. Moto uliowashwa juu yake unaweza kushuka chini, ukatambaa bila mwali wala moshi mwingi, kisha ukatokeza mahali pengine baada ya aliyeuwasha kwenda zake akiamini kwamba ameuzima kwa chupa ya maji. Ndiyo maana hoja ya kwamba moto mdogo hauna madhara haina mashiko mahali hapa, na ndiyo maana majiko ya makaa ya kutumia mara moja na kutupa ni mabaya kuliko yote, kwa vile joto lake jingi hushuka ardhini na mtu huyaacha kabla hayajapoa.

Tulitumia jiko dogo la gesi, tukaliweka juu ya uso wa mwamba ulio tupu, na mmoja wetu alikaa kando yake muda wote. Je, tulikosa raha ya kuota moto? Kwa usiku wa kwanza, ndiyo, maana baridi ilikuwa kali na nguo zilikuwa zimelowa. Lakini si mbali na pale tulikuta duara jeusi la moto wa mtu mwingine, ndani yake karatasi ya alumini na vipande vya chupa, na mboji iliyozunguka duara hilo ilikuwa imepasuka na kuliwa na mvua hadi kuacha shimo. Tuliokota tulivyoweza. Shimo halikuokoteka.

Kwa upande wa maji, mito ya Taw, Teign, Dart na Okement yote huanzia katika nyika ya kaskazini, na mtu huwa hayuko mbali na kijito. Maji yana rangi ya chai kwa sababu ya mboji, rangi isiyo na ubaya wowote, ila juu ya kijito panaweza kuwa na mzoga wa kondoo usiouona, kwa hiyo ni kuchemsha au kuchuja bila mjadala. Vyombo tulivisafisha mbali na kijito, bila sabuni.

Suala la choo ndilo dhaifu kuliko yote katika utaratibu wa kambi za nyikani popote duniani, na Dartmoor haijaepuka. Ushauri wa kawaida ni kuchimba kishimo cha kina cha sentimita 15 kwa kikoleo, mbali na maji, njia na magofu, kisha kukifukia na kuondoka na karatasi. Ushauri huo unafaa penye udongo wenye uhai. Mboji iliyolowa, kwa tindikali yake na kwa kukosa hewa, haiozeshi kitu upesi. Udongo uliohifadhi mimea kwa miaka elfu moja hautafanya haraka kwa ajili ya karatasi ya chooni ya mgeni. Kwa maoni yangu, anayelala katika sehemu za mboji nzito abebe mifuko maalumu na kuondoka na kila kitu, na hilo ndilo tulilolifanya. Halipendezi kulisimulia, lakini mifuko ya siku hizi hufungwa vizuri, na baada ya siku ya kwanza mtu huzoea.

Siku ya pili tulipanda kuelekea Cranmere Pool, mahali ambapo jina lake linaahidi ziwa na panapopatikana ni bonde dogo la mboji lisilo na maji. Mwaka 1854 kiongozi wa wageni aliyeitwa James Perrott aliweka pale chupa ili wanaofika waache kadi zao, na kutokana na chupa hiyo ukazaliwa mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa nyikani ambao bado unaendelea. Njia ya kwenda huko ndiyo iliyonifundisha jambo kuhusu nyayo. Penye matope, kila mtu hupenda kuyakwepa kwa kukanyaga kando, na anayefuata hukwepa kando ya yule wa kwanza, mpaka njia ya upana wa hatua moja inakuwa kovu la upana wa mita kumi, sfagnumu imekufa, na mboji imebaki wazi ili mvua iishushe mtoni. Mvua yenyewe si haba, kwani Princetown, kijiji kilicho katikati ya nyika, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kinachotakiwa ni kupita katikati ya matope, buti zilowe, na ndiyo maana buti za ngozi zinazofika juu ya kifundo pamoja na vizuia-matope vya miguuni vina thamani kuliko koti la gharama. Zile sehemu za kijani kibichi zinazotikisika ukizikanyaga, ambazo wenyeji huziita vitanda vya manyoya, hizo ni za kuzungukwa mbali kwa usalama wako mwenyewe.

Mbwa ni habari fupi: kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai wafungwe kamba fupi, kwa ajili ya ndege wanaotaga ardhini na kwa ajili ya wana-kondoo. Tulimwona mmoja tu aliyeachiwa, na kondoo walitawanyika mlima mzima. Farasi wadogo nao wasilishwe wala kuguswa, hata wakijisogeza wenyewe, kwa sababu anayezoea mkono wa mtu huifuata barabara, na barabarani magari huwaua.

Kuna mahali pamoja tulipopanga kupatembelea tukaghairi. Wistman's Wood ni kijisitu cha mialoni mifupi iliyopinda, iliyoota kati ya mawe makubwa na kufunikwa na kuvumwani, na picha zake zimekifanya kijulikane mno. Umaarufu huo umekigharimu: nyayo zimekwangua mawe na watu wamepanda juu ya matawi, hata sasa wageni huombwa kukitazama kutoka nje bila kuingia. Ombi hilo halina ukuta wala mlinzi. Tulijua kwamba tukifika ukingoni tutavutiwa kuingia hatua mbili tu kwa ajili ya picha, tukaona afadhali tusiende. Labda ni ukali usio wa lazima. Wengine hukitazama kwa nje na kurudi wameridhika.

Vifaa navyo vinastahili neno, maana nyika hii hupima vifaa kwa namna yake. Hema letu la watu wawili, la kijani kilichofifia, lilikuwa uamuzi sahihi: kutoka hatua mia mbili halikuonekana, na kanuni ya kutoonekana hutimizwa kwa urahisi zaidi na rangi na kimo cha hema kuliko kwa kujificha mabondeni ambako baridi hutuama na maji hupanda. Vigingi vifupi vya kawaida havikufaa, kwani penye mboji vilichomoka kwa upepo wa kwanza na penye graniti vilipinda baada ya sentimita kumi. Seti ya mchanganyiko, vipana vya udongo laini na vyembamba vya chuma kigumu, ingetuondolea kishawishi cha kuokota mawe. Godoro jembamba la kukunjwa lilitosha. Kibano cha kupe kilitumika mara mbili, na asiyekuwa nacho asiende huko wakati wa kiangazi, kwa kuwa kupe hujaa katika kangaga na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme.

Asubuhi ya mwisho tuliondoka saa kumi na mbili na robo. Tulizichambua nyasi kwa vidole mahali hema lilipokuwa ili zisimame, tukatembea mara mbili kulizunguka eneo tukitafuta vitu vidogo, na mwenzangu akapata kipande cha plastiki cha kufungia mkate ambacho nusura kibaki. Niligeuka nilipofika mtoni, nikashindwa kutambua tulilala wapi hasa.

Kwa anayetaka kambi yenye bomba, choo na mtu wa kumuuliza, viko vingi pembezoni mwa hifadhi, na nadhani wageni wengi wa mara ya kwanza, hasa wenye watoto wadogo au kikundi kikubwa, wataifaidi nyika zaidi kwa kulala huko na kutembea mchana. Kwa anayeweza kusoma ramani na dira, mwenye subira ya kuhama mara mbili jioni akiwa amechoka, nampendekezea Dartmoor bila kusita. Sisi tutarudi mwishoni mwa Septemba, baada ya makinda kuruka, tukiwa na vigingi vingine na mifuko mingi zaidi ya taka, kwa sababu ile tuliyokwenda nayo ilijaa taka za watu wengine kabla ya kufika kituo cha treni.